Aliyetangulia na Aliyefuata

Mwezi uliopita nilicheka msibani. Ilikuwa arobaini ya Bi Tatu, Mungu amrehemu, kwenye ile nyumba yake ya Nkuhungu. Dua ilikuwa imekwisha, harufu ya pilau imeshaanza kututoa udenda, na mjukuu mmoja akasimama na kanzu yake nyeupe kutushukuru wageni. Akafika pale pa kutaja watoto aliowaacha marehemu: “Shabani, Juma, Mwamvua, Asha na Mwasiti.” Basi nikacheka. Si kicheko cha puani, ni kicheko chenyewe, mpaka mama aliyekaa jirani yangu akanifinya paja. Nikajifunika uso kwa khanga nikajifanya nalia. Nilipochungulia nikamwona Mwamvua, bibi kizee sasa, ananitazama kutoka upande wa pili wa mkeka, mabega yanamtikisika na mdomo kauziba kwa mkono. Sisi wawili tu pale ndio tuliojua kwa nini majina yale yakitajwa hivyo yanachekesha. Tulijua pia kwamba mwaka ule hayakuchekesha hata kidogo. Mwaka ule nusura yavunje nyumba ya watu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zimeanza kuruhusiwa, na mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwanafunzi wa takwimu katika chuo kimoja pale Dodoma. Kwetu sitakueleza, hakuna linalohusu kisa hiki. Mabweni yalikuwa yamejaa, serikali nayo imeshaanza kutuambia tuchangie, kwa hiyo tuliokosa vitanda tulipanga mitaani. Nilipata chumba kwa Bi Tatu, na chumba cha pili kutoka changu alipanga mwenzangu wa darasani, Eliya, kijana wa Mpwapwa, mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa kuzisifu hesabu zake. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili hasa: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma wenye jiko la kuni na pipa la maji, na kuta zilizokatiza kabla ya kufika paani. Dari hakuna. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anamwombea afya. Nilizoea kusoma huku nasikia redio ya huyu, ugomvi wa yule, na Bi Tatu akisoma uradi wake, na baada ya miezi miwili nilikuwa najua mambo ya nyumba ile kuliko mambo ya kwetu.

Mwenye kauli mle ndani alikuwa Bi Tatu, lakini aliyeilisha nyumba ni mwanawe Shabani, tuliyemwita Baba Mariamu. Alikuwa na duka la spea za baiskeli sokoni na karakana ndogo kule Kizota. Miaka michache nyuma duka lile lilikuwa na rafu tupu na kopo la gundi. Sasa lilikuwa limejaa matairi, kengele, taa na minyororo kutoka nje mpaka milango ilikuwa haifungi vizuri. Mtu mpole, nikwambie ukweli, asiyepandisha sauti, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kujua lini amekasirika. Mkewe, Mama Mariamu, alikuwa amemzalia mabinti watatu, Mariamu, Hadija na Saumu, na alikuwa na mimba ya nne. Mimba ile ndiyo iliyotufanya sote tutembee kwa kunyata. Hakuna aliyeitaja kwa jina. Bi Tatu akiona tumbo linapita uani alikuwa anageuza uso na kusema, “Haya, tusubiri tuone wa safari hii,” halafu anaendelea kuchambua mchele. Mama Mariamu alikuwa anachochea kuni tu, hata pale zilipokuwa zinawaka vizuri.

Chuoni, muhula ule, mwalimu wetu Kihwelo alitufundisha kipimo kimoja ambacho mpaka leo nakipenda kuliko vyote. Alirusha sarafu mezani mara kadhaa akatuuliza kama sarafu inakumbuka ilivyoanguka mara iliyopita. Tukasema haikumbuki. “Vizuri,” akasema, “lakini dunia haikujaa sarafu. Kuna vitu vinavyofuatana, na swali letu ni moja: huyu aliyefuata anamjali aliyetangulia, au hamjali?” Unachukua mfuatano wako, siku za mvua na za jua kwa mfano, unachora visanduku vinne. Cha kwanza, mvua iliyofuatwa na mvua. Cha pili, mvua iliyofuatwa na jua. Cha tatu, jua kwa mvua. Cha nne, jua kwa jua. Unahesabu, halafu unalinganisha na kile ambacho ungekipata kama kila siku ingejiamulia yenyewe. Tofauti ikiwa ndogo, ni bahati tu. Ikiwa kubwa mno, kuna kamba inayowafunga waliotangulia na wanaofuata. Kila mmoja akaambiwa atafute mfuatano wake, aupime, aandike. Mimi nilichukua mvua, na nilikuta kamba ipo kweli: Dodoma mvua ikinyesha leo, kesho nayo inapata hamu, na jua likishika, limeshika. Eliya alisema mvua ni kazi ya wavivu. Yeye atapima watoto. Akaazima baiskeli kwenye karakana ya Baba Mariamu akazunguka Nkuhungu yote mpaka vijiji vya Zuzu, akiuliza wazazi watoto wao, wa kiume ni nani na wa kike ni nani.

Jioni aliyomaliza kupiga hesabu zake tulikuwa tumekaa uani, ugali wa uwele katikati na mlenda umekolezwa karanga, Baba Mariamu kakaa nasi kwa sababu siku ile umeme ulikuwa umekatika na ndani kuna joto. Eliya alikuwa hatulii. Mwishowe akasema, bila kuulizwa na mtu, “Baba Mariamu, nimepata kitu cha ajabu. Mtoto wa kike humfuata wa kike. Na wa kiume humfuata wa kiume. Si bahati. Kipimo kimekataa kabisa kwamba ni bahati.” Baba Mariamu akaacha kutafuna. “Sema tena,” akasema. Eliya akasema tena, na safari hii akaongeza mikono: nyumba baada ya nyumba, mjini na shamba, wasichana wamekaa pamoja na wavulana wamekaa pamoja. Nilimkanyaga mguu. Wapi! Mtu anayejisikia haumii. Mlangoni pa jikoni Mama Mariamu alikuwa amesimama na bakuli la maji ya kunawa, amesimama tu, hajui aende wapi nalo. Bi Tatu ndiye aliyefunga mazungumzo. “Kumbe na vitabu vinajua,” akasema. “Mimi nimelisema hili tangu yule wa pili.”

Kesho yake mchana, nimejilaza na kitabu kifuani, nikawasikia mama na mwana chumba cha mbele. Walikuwa wananong’ona, lakini katika nyumba ile kunong’ona ni kusema polepole tu. Bi Tatu alikuwa anamwambia ampeleke mke akajifungulie kwao Manyoni. Baba Mariamu akasema watu huenda kwao kwa mimba ya kwanza, si ya nne, watu watauliza. “Waulize,” akasema Bi Tatu. “Akizaa wa kiume, utamfuata. Akizaa wa kike, akae huko huko, talaka itamkuta. Wasichana wako watabaki hapa kwangu, ni damu yako. Na yule mama wa Kizota ana binti, na binti ana kaka tupu.” Nilimwomba Mungu yule mwanaume aseme hapana. Neno moja tu, hapana. Akasema, “Ijumaa ijayo kuna treni.” Nilikaa kitandani na hasira zangu, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia ila ukuta.

Mama Mariamu naye alikuwa amesikia. Nilimkuta jikoni anakanda unga wa chapati, anaukanda kwa ngumi, jasho linamtoka puani. Nikachukua kibao nikaanza kusukuma naye. Akaniuliza, kwa sauti ndogo kama anaogopa unga usimsikie, “Dina, mdogo wangu, ni kweli? Hicho kipimo chenu ni kweli?” Nikamwambia sijui. Ndiyo yaliyokuwa majibu yangu, na nilijichukia kwa majibu yale. Akasema yeye kwenda Manyoni haogopi, kuna mama yake kule, hatalala njaa. “Ila Saumu bado ananiita usiku,” akasema. “Akiniita nitaitika kutoka wapi?” Akaangusha uso kwenye unga, na mimi nikabaki nasukuma chapati moja hiyo hiyo mpaka ikatoboka.

Jumapili yule mama wa Kizota akaja. Alikuja na mkoba wa ngozi mpya na pafyumu iliyomtangulia mwenyewe, akakaribishwa ukumbini, na Mama Mariamu ndiye aliyeambiwa apike chai ya mgeni aliyekuja kumletea mke mwenza. Nilimpokonya sinia. Bora nipeleke mimi, nikamwambia, maana mimi chai ikimwagika nitaomba radhi tu. Kumbe na Mwamvua alikuwa amefika siku ile, dada yao, aliyeolewa mjini karibu na stesheni, mwanamke mnene mcheshi ambaye siku ile hakuwa na ucheshi wowote. Nikapanga vikombe. Mgeni akauliza, kama wanavyouliza watu wanaotaka kuungana ukoo, “Na wewe Bi Tatu, Mungu amekujalia wangapi?” Bi Tatu akakaa sawa akataja: “Namshukuru Mungu. Huyu Shabani, na Juma yuko Tabora. Na wa kike nina Mwamvua huyu, Asha na Mwasiti.” Mara mlango ukafunguka, Baba Mariamu akaingia kutoka dukani, akamwona dada yake, akainama kidogo. “Shikamoo, dada.” “Marahaba, Shabani,” akajibu Mwamvua bila hata kumtazama.

Nilisimama na birika mkononi. Mgeni akadhani nasubiri kuambiwa nimimine, akanisogezea kikombe. Shikamoo! Mtu hampi mdogo wake shikamoo. Mwamvua ni mkubwa kwa Shabani, na Bi Tatu, aliyewazaa, amemtaja Shabani kwanza, halafu Juma, ndipo akaingia kwa wasichana. Hakudanganya. Ndivyo watu wanavyotaja watoto. Ukimwuliza mzazi kwetu sisi akutajie watoto wake, anaanza na wa kiume, hata kama kifungua mimba ni msichana na mvulana amekuja mwishoni kabisa. Ndivyo alivyofanya yule mjukuu mwezi uliopita, na ndicho kilichonichekesha. Lakini siku ile sikucheka. Nilimimina chai, nikamwagia sahani nusu yake, nikatoka mbio kumtafuta Eliya.

Nilimkuta anapiga pasi suruali. Nikamwambia nataka kuona makaratasi yake. Akasema kazi imekwisha, Jumatatu ya wiki inayofuata anakabidhi, na wivu haunipendezi. Nikamwambia, “Eliya, nitajie ndugu zako.” Akanitazama kama nimeugua. “Nitajie tu.” “Mimi, Yona, Petro,” akasema, “na dada zetu wawili, Foibe na Ruthi.” “Kifungua mimba ni nani?” Akafungua mdomo. Pasi ilikuwa juu ya suruali na moshi umeanza kutoka. “Foibe,” akasema. “Aliyemfuata?” Aliitoa pasi, akakaa kitandani, akavuta makaratasi kutoka chini ya godoro, tukayaangalia pamoja. Yalikuwa wazi mno, aibu tupu. Nyumba baada ya nyumba wavulana wamekaa mbele kwa safu yao, wasichana nyuma kwa safu yao, na katika nyumba nzima pa kugeuka kutoka wa kiume kwenda wa kike ni mahali pamoja tu. Lazima wa kike amfuate wa kike, kama wote wamesukumwa nyuma! Kipimo hakikukosea. Kilipima adabu za watu badala ya uzazi wao. Eliya alisema, “Mungu wangu, nimemwambia Baba Mariamu.” Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sauti yake haikuwa na majigambo, na nilimhurumia, lakini si sana.

Tulikuwa na siku zisizotosha kabla ya treni ya Ijumaa. Eliya akarudi njia zake zote, na mimi nikachukua nusu, baiskeli moja yake na nyingine niliyoipata karakanani kwa kumdanganya fundi kwamba nimetumwa na bosi. Upepo wa Dodoma mwezi ule unakutia mchanga mpaka kwenye meno. Sasa hatukusema “nitajie watoto.” Tuliuliza, kifungua mimba nani, aliyemfuata ziwa nani, na baada ya huyo nani, mpaka kitinda mimba. Na majibu yalibadilika mbele ya macho yetu. Mzee mmoja wa Zuzu, mfugaji, Kiswahili chake cha kubahatisha, alinitajia wavulana wawili, na nilipouliza nani alitangulia akaanza kucheka, akamwita mkewe, wakabishana kwa Kigogo, mwishowe mama akaninyooshea vidole mmoja mmoja: wa kike, wa kiume, wa kike, wa kike, wa kiume. Wasichana watatu ambao baba yao hakuwa amenitajia kabisa, maana waliolewa na wako kwa watu. Nilirudi na midomo imepasuka kwa jua na hofu ya kuchelewa.

Alhamisi asubuhi tukachora visanduku upya, kila mmoja na karatasi yake ili tusiambukizane makosa, tukapiga kai skwea, hesabu ya kile kipimo cha Kihwelo. Eliya alimaliza kwanza. Nami nikamaliza. Hakuna kamba. Hakuna chochote. Aliyefuata hamjui aliyetangulia. Kila mtoto anakuja kama sarafu iliyorushwa mara ya kwanza duniani. Nilitaka kushangilia, lakini Eliya akasema neno lililonikata miguu. “Dina, tukimwambia hivi haitamsaidia mkewe. Tumwambie kipimo kinaonyesha baada ya wasichana watatu ni zamu ya mvulana. Atamwacha abaki.” Sitakuficha, nililitamani neno lile. Lilikuwa jepesi na lingefanya kazi siku hiyo hiyo. Halafu nikamwona Mama Mariamu, mtoto wa nne mkononi, wa kike, na mume aliyeahidiwa dume na watu wa vitabu. Huyo asingepelekwa kwao kwa treni, huyo angefukuzwa kwa miguu. Nikamwambia Eliya, “Uongo wa kwanza uliusema bila kujua. Huu wa pili utausema ukijua. Mimi simo.”

Alasiri tukawakuta ukumbini. Baba Mariamu kwenye kiti chake, Bi Tatu kwenye mkeka na ungo wa mchele, Mwamvua karibu yake. Alikuja kumuaga wifi yake. Mama Mariamu alikuwa nyuma ya pazia la chumba chao, miguu yake inaonekana chini. Eliya akaanza, akakwama, akaanza tena, akaeleza kwamba swali lake lilikuwa bovu na watu walimtajia wa kiume kwanza. Baba Mariamu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nilichokuwa nakiogopa. “Kwa hiyo atazaa wa kiume?”

Eliya akanitazama mimi. “Hatujui,” nikasema. “Waliotangulia hawasemi lolote juu ya anayekuja. Inawezekana wa kiume, inawezekana wa kike, sawa kwa sawa.”

“Yaani mmekuja kuniambia hamjui.”

“Ndiyo. Na Bi Tatu hajui. Na yule mama wa Kizota hajui, hata binti yake awe na kaka kumi.”

“Wewe msichana,” akasema Bi Tatu, “chunga mdomo wako. Humu umepanga chumba, hukupanga mambo yetu.”

“Nisamehe, Bi Tatu.” Nilikuwa nimeshafika, nirudi wapi? “Baba Mariamu, dada Mwamvua unampa shikamoo. Na dada Asha?”

“Naye.”

“Basi na wewe ulikuja baada ya wasichana wawili. Kama marehemu baba yako angempeleka mama yako kwao akajifungulie huko na asimfuate, leo ungekuwa wapi?”

Mkono wa Bi Tatu ukasimama kwenye ungo. Nilingoja matusi. Badala yake akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Alinipeleka.”

Baba Mariamu akageuka. “Nani?”

“Baba yako. Alinipeleka Bahi kwa mama yangu, wewe uko tumboni. Mwamvua na Asha wakabaki. Aliposikia nimezaa dume akaja kunichukua.” Akamtazama mwanawe usoni. “Mimi nilirudi, Shabani. Nikadhani ndivyo ilivyo. Mtu akipelekwa, anazaa dume, anarudi. Nilidhani kule kwenda ndiko kulikokuleta wewe.”

“Mama,” akasema Mwamvua, na alikuwa analia wazi wazi, mwanamke mzima, “Asha alikuwa analala mlangoni. Kila siku alikuwa analala mlangoni, anasema mama akija atamkanyaga ndipo atajua amekuja. Na kama Shabani angekuwa msichana, je?”

Bi Tatu akauweka ungo chini. Miguu chini ya pazia haikusogea. Baba Mariamu akainuka, akachukua kofia yake, akatoka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Eliya akataka kumfuata, nikamshika shati.

Ijumaa begi la Mama Mariamu lilikuwa mlangoni tangu asubuhi, yeye juu ya kigoda kando yake, baibui limefungwa, Saumu kamganda shingoni. Watu wakaenda swala ya Ijumaa, wakarudi. Baba Mariamu hakurudi. Tulisikia treni ikipiga honi kutoka stesheni, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila honi ilipolia Mama Mariamu alisimama halafu akakaa. Magharibi ndipo mume alipoingia. Alilitazama begi, akaliinua, akalipeleka chumbani, akaomba maji ya kunawa. Basi. Hakutamka kwamba safari imefutwa, hakutamka imeahirishwa, na wiki mbili zilizofuata tulizila kama mtu anayekula samaki mwenye miba. Mama wa Kizota aliendelea kutuma salamu. Bi Tatu alizipokea bila kuzijibu, na hakusema tena “tusubiri tuone wa safari hii.”

Uchungu ulimshika Mama Mariamu mchana, ghafla, hata gari la kwenda hospitali hatukuwahi. Akaitwa mkunga wa mtaani, Bi Tatu akaingia naye, na mimi nikaachiwa maji ya moto na wale wasichana watatu. Niliwakalisha uani nikawapa zabibu wachambue, na tukasikiliza. Eliya alikwenda mbio sokoni kumwita baba. Mtoto alilia kabla hawajafika. Nilisogea dirishani, mkunga akanitolea taulo la kufua na kuniambia kwa midomo tu, bila sauti: wa kike. Nilijua jinsi ilivyokuwa kwa Saumu, maana nyumba ile haifichi kitu: Baba Mariamu aliposikia ni msichana aligeuza akarudi dukani, na jirani ndiye aliyemwadhinia mtoto, jioni, kwa aibu.

Sasa alikuwa amesimama ukumbini, anahema, kofia mkononi, Eliya nyuma yake. Bi Tatu akatoka chumbani na mtoto kwenye khanga.

“Nani?” akauliza Baba Mariamu.

“Mtoto,” akasema Bi Tatu.

“Mama, nakuuliza ni nani.”

“Nami nakujibu. Ni mtoto, na anakusubiri umwadhinie.”

Mariamu alikuwa ameniponyoka akafika mlangoni, amesimama pale na mkono umejaa zabibu, anamtazama baba yake. Baba yake akamwona. Akavaa kofia, akavua viatu, akanyoosha mikono akampokea mtoto, na hakufunua khanga kuangalia. Akaelekea kibla, akasogeza mdomo kwenye lile sikio la kulia, akaanza kwa sauti ndogo, akakatiza, akaanza tena mwanzo, safari hii kwa sauti iliyosikika nyumba nzima. Na chumbani Mama Mariamu akaangua kilio.